Filimbi ya Shaun

Lorna Hepworth, dereva wa kreni katika kiwanda cha chuma pale Rotherham, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hasira zake zilikuwa za kimya, na hizo ndizo za kuogopwa. Jumamosi ile aliingia nazo zote gerejini.

Gari lake dogo jekundu lenye turbo lilikuwa limezima tena kwenye kipilefti. Aliachia pedali ya mafuta apunguze mwendo, injini ikakohoa, ikafa, na lori la maziwa likafunga breki hatua moja kutoka mlango wa upande alioketi mama yake. Walipofika nyumbani mama akasema hapandi tena. Sasa nani angempeleka kila Jumapili kwa mumewe, kule kwenye nyumba ya wazee ambako basi halifiki?

Gerejini, mdogo wake Shaun na rafiki yake Gaz walikuwa wakinywa chai na kupanga makubwa: turbo mpya, nozeli mpya, injini ishuke yote.

"Hii imechoka, dada," Shaun alisema. "Tukiirudisha itaruka kama mbuzi."

"Nani ameipima?"

"Ipimwe nini? Si inazima?"

Mabingwa hao. Wangemkata mtu mguu kwa sababu kiatu kinambana.

Lorna akachomeka mashine ya kupimia. Ikaonyesha petroli inaingia nyingi mno kwa hewa iliyopo. Akafungua plagi, akazikuta nyeusi kwa masizi. Akafuata bomba la hewa kwa vidole akitafuta ufa, na ufa hakuuona. Aliona valvu ya hewa inayong'aa ambayo hakuinunua yeye.

"Na hii?"

"Kaurembo tu, dada. Ukiachia mafuta inapiga *pshhh*. Zile jioni za Jumapili ulizoniazima gari, vijana wote kwenye maegesho waligeuka kuangalia."

Lorna akaelewa. Hewa ile ya *pshhh* gari lilikuwa limeshaihesabu na kuipimia petroli yake. Valvu ya asili ya gari huirudisha ndani ya bomba. Hii ilikuwa ikiitema nje kwa kelele, petroli inabaki peke yake, injini inapaliwa.

Gaz, biskuti mdomoni, akaropoka: "Si nilikwambia, Shaun? Siku ile ile uliyoifunga nilisema litakuwa linazima."

Kumbe Shaun alijua. Alijua kila mara mama alipofungwa mkanda. Lorna alitamani kumpiga kwa spana iliyokuwa mkononi.

"Vijana walinipigia makofi, dada," Shaun alisema polepole. "Mimi nani hunipigia makofi?"

"Valvu yangu iko wapi?"

Ilikuwa kwenye droo ya Shaun, imefungwa kitambaa. Lorna akairudisha mahali pake, akaenda kuzunguka kipilefti mpaka akaridhika. Gari halikuzima.

Kesho yake mama alikuwa barazani na koti lake na mkebe wa keki, amekunja uso. Shaun naye akatokea, akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa gari kwa jioni ile, kama ada. Lorna akamwekea kiganjani ile valvu ya kung'aa.

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Mwambie," Lorna alisema. "Mwambie yote."

Shaun akasema yote, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda garini, akaketi, akafunga mkanda.

"Twende, Lorna, baba yako anangoja. Huyo mwache na filimbi yake."