Alama Chini ya Kigoda

Kigoda cha zamani hakitazamwi juu. Juu wanadanganya wote. Rangi ya viatu kidogo, majani ya chai yaliyochemshwa, wiki moja juu ya moshi wa jiko, na kigoda kilichochongwa mwezi uliopita kinazeeka miaka hamsini. Kipindue. Huko chini mlaghai huwa ameshachoka, na mti unabaki mweupe kama ulivyotoka kwa fundi.

Hayo nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa mjini Mwanza, ambaye nyuma ya majora yake alikuwa na chumba kizima cha vitu vya kale. "Mwalimu, pindua kwanza," alikuwa akiniambia. "Halafu uliza nani alikikalia. Ukikosa habari zake, basi umenunua kuni."

Nikamsikiliza. Nilipostaafu kufundisha nilizunguka kuanzia Nyakato hadi vijiji vya Sengerema, nikinunua vigoda na vibuyu vya kusukia maziwa. Niliketi kwenye mikeka ya watu, nikanywa uji wao, nikauliza. Kila kitu kina ukurasa wake kwenye daftari: kilikuwa cha nani, aliolewa wapi, nani alikivunja mguu na alichapwaje. Nyumba yangu ya Mkolani imejaa bibi za watu, na wote nawajua vizuri kuliko jirani zangu. Nilijivuna kwa hilo, sifichi.

Kigoda pekee ambacho sikukinunua ni cha mama yangu. Alikikalia jikoni kijijini kwetu, ng'ambo ya Sengerema, tangu nilipopata akili. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumsalimia, akanipa mwenyewe.

"Chukua, kikae na vingine," alisema. "Lakini kaa kwanza nikwambie habari zake."

Sikukaa. Nilikipindua. Chini, kwenye masizi, kulikuwa na alama ndogo zilizochomwa kwa msumari wa moto, zimepangwa mstari. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Nikawasha tochi ya simu, nikapima kwa futi, nikakwaruza kwa ukucha nione kama masizi ni ya kweli. Mama alikuwa anaongea. Nakumbuka hata kwamba alinyamaza katikati, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, kisha akaendelea. Mimi nilikuwa naitikia tu, "Eeh, mama, eeh," huku naandika. Daftari ninalo hapa. Linasema: mninga, miguu mitatu, mmoja umelika, alama za moto nane, hakijapakwa kitu. Mahali pa habari zake pako patupu. Nilijua nitapajaza baadaye, si mama yupo?

Mama yupo kweli. Yuko chumba cha pili, namlisha uji kwa kijiko. Akili ndiyo iliyoondoka, kidogo kidogo, na jina langu likaondoka nayo.

Baada ya kumleta kwangu ndipo nilipozitazama zile alama kama mtoto wake, si kama mnunuzi. Tumezaliwa sita. Alama ni nane. Mbili za mwanzo zimeunganishwa kwa mstari mfupi, kisha zinafuata sita, kila moja peke yake. Mimi ni kifungua mimba, ndivyo nilivyoambiwa maisha yangu yote, ndivyo nilivyowaringia wadogo zangu. Lakini kigoda kinasema kuna wawili walionitangulia. Mapacha. Kwetu Usukumani mtoto anayefuata mapacha hupewa jina lake maalumu, na kila alisikiaye anajua. Mimi nina jina la ubatizo tu. Kwa nini walinificha? Watoto wale waliishi siku moja, au walifika hata kutembea? Walizikwa wapi? Baba alishafariki, shangazi zangu wote walishafariki, na wadogo zangu hawajui chochote. Nilikuwa na mtu mmoja wa kuniambia, naye aliniambia, nami nilikuwa napima mguu wa kigoda. Najichukia kwa hilo, na sioni dawa yake.

Wiki iliyopita, asubuhi mama alipokuwa anaota jua barazani, nilimwekea kigoda magotini, kimepinduliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi wewe?"

"Mama, hawa wawili ni akina nani?"

Alipitisha kidole kwenye alama, moja moja, akirudi nyuma, mpaka akafika kwenye zile mbili. Kidole kikatulia pale. Midomo ikacheza. Halafu akaniangalia usoni, akakikumbatia kigoda kifuani.

"Nyie wanunuzi," alisema. "Hiki siuzi."

"Sinunui, mama. Nataka habari zake tu."

"Habari zake anazo binti yangu. Ni mwalimu, yuko huko Mwanza. Nilimweleza zote, mpaka nikalia mbele yake." Akanishika mkono kwa upole, kama anavyoshikwa mgeni aliyetembea bure. "Kaa umngoje. Akija, muulize yeye."

Nikakaa sakafuni karibu naye, kama alivyoniomba nikae siku ile.