Tofaa la Mama Yake Riungu

Riungu alipong'oa nusu ya miraa yake na kupanda mitofaa, majirani zake huko milimani juu ya Laare walidhani amerukwa na akili. Shamba lake liko juu kabisa, kwenye baridi na ukungu, na yeye alishikilia kwamba baridi hiyo ndiyo matofaa yanayoitaka. Alipanda aina mbili: Anna, tofaa lenye wekundu upande mmoja na umanjano upande wa pili, na Doseti, la manjano tupu. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye miti mitatu ya pembeni, ambayo haikuwa na jina.

Hiyo aliizalisha kutoka kwa mti uliosimama nyuma ya jiko la mama yake. Upepo uliuangusha mwaka ule mama alipofariki. Kabla haujakauka, Riungu alikata vijiti akavipachika kwenye mashina machanga, akavifunga kwa nailoni. Akangoja miaka. Hatimaye miti ikatoa maua.

Mwaka huohuo akaugua homa kali. Alipoinuka kitandani, chai ilikuwa maji ya moto tu. Moshi haukunuka, wala sabuni. Daktari alimwambia kwamba ladha huenda ikarudi, huenda isirudi.

Matunda yakaiva. Riungu akachuma moja kwenye mti wa mama, dogo, la kijani lenye mabaka ya kahawia. Akauma. Alisikia ubaridi na maji, basi. Mkewe Mukiri alimkuta ameketi nyuma ya zizi, tofaa mkononi.

"Baba Kajuju, kuna nini?"

"Onja wewe, uniambie."

Mukiri akaonja. "Ni tamu."

"Tamu! Ndizi ni tamu. Sukari ni tamu. Nakuuliza tofaa la mama yangu, unaniambia tamu?"

Mukiri akaondoka. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuna aliyewahi kumuuliza chakula kina ladha gani, ila tu kama kimeiva. Lakini asubuhi, baada ya kukama ng'ombe, alirudi na kisu, kigoda na matofaa matatu.

"Tuanze na Anna," alisema akitafuna. "Hili linakupa utamu wote mara moja. Ukishameza, limekwisha. Likikaa ndani siku kadhaa, linakuwa unga mdomoni."

"Kweli. Nalikumbuka."

"Doseti lina asali kidogo, na ganda lake halisumbui meno. Hili ningempa mtoto."

La tatu alilitafuna muda mrefu, macho amefumba. "Hili linakamata taya. Uchachu kwanza, kama uji uliolala. Unataka kulitema. Ukivumilia, utamu unatokea nyuma, karibu na koo, na unakaa hapo. Lina harufu pia. Kama majani mabichi ya chai ukiyafikicha mkononi."

Riungu aliinamisha kichwa. "Ndilo hilo," alisema. "Alikuwa ananikatia kipande nikitoka shule. Nikikunja uso, anacheka mpaka anashika ukuta."

Binti yao Kajuju, anayeishi mtaa wa Dallas mjini Embu, alikuja mwisho wa wiki na matofaa ya dukani, makubwa, ya kijani, yanayong'aa. "Haya yana uchachu mkali, Baba. Pengine utayasikia."

Riungu akauma, kishindo kikasikika chumba kizima. "Yanalia vizuri," alisema. "Lakini siyasikii, mama." Kajuju akageuka kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mnunuzi aliyekuja kutoka Laare na bodaboda aliitwa Kobia. Alionja yote matatu, akachukua Anna, akataka na Doseti. La tatu alilitema kwenye nyasi.

"Mzee, hili nani atanunua? Kata hiyo mitatu, upachike Anna."

Riungu akacheka, kicheko ambacho Mukiri hakuwa amekisikia tangu ile homa. "Umekunja uso kama mimi nikiwa mdogo," alimwambia. Miti haikukatwa.

Tangu hapo, kila msimu Mukiri huketi kwenye kigoda akamsimulia. Amekuwa hodari: ataweza kukuambia tofaa la upande wa jua limepishana vipi na la kivulini. Riungu husikiliza huku akitafuna yake bila kusikia ladha.

Julai iliyopita, asubuhi ya baridi kali, akitafuna tofaa la mti wa mama, aliacha ghafla.

"Mama Kajuju, hili limeiva kuliko mengine?"

"Kwa nini?"

"Kuna kitu kimepita. Hapa nyuma."

Mukiri akachukua kisu. Akamkatia kipande kingine, kisha kingine. Riungu alitafuna polepole, akamaliza tofaa zima hadi kwenye mbegu.

"Labda ni hamu tu," alisema mwishowe.

"Labda," Mukiri akajibu. Mengine yalikuwa bado juu mtini. Akainuka kwenda kuleta ngazi.