Gawa kwa Nane

Mimi nafundisha hisabati hapa Kibondo, na mdomo wangu ni mkali, wanafunzi wote wanajua. Lakini siku ile hospitalini sikuwa na wa kumkaripia. Mwanangu, mtoto wa miezi michache, alikuwa amepakatwa na bibi yake, anahema kwa taabu, midomo imebadilika rangi. Bibi huyo, mama mkwe wangu, Muha wa kijiji cha Kitanga, alikuwa ananong'ona, "Imana, Imana," akimwita Mungu kwa Kiha, nami nilitamani anyamaze, maana nilikuwa naogopa kupita yeye.

Daktari wa zamu, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, alikuwa amerekodi video ya moyo wa mtoto kwenye ultrasaundi. Bingwa aliyeko Dar es Salaam ndiye angeamua: tumkimbize Kasulu kwa gari la wagonjwa, au safari yenyewe itammaliza. Alituambia kwenye simu, "Nitumieni upesi. Baada ya robo saa naingia chumba cha upasuaji, sitapatikana mpaka jioni."

"Usihofu, mwalimu," kijana akanituliza. "Video ni megabaiti mia sita, mtandao unakwenda mbili kwa sekunde. Dakika tano tu."

Dakika tano zikapita. Mstari wa kijani kwenye kompyuta haukuwa umefika hata robo. Nikainama kuangalia ile kasi. Mbili, ndiyo, lakini megabiti, si megabaiti! Baiti moja ni biti nane. Nikapiga hesabu upya. Dakika zake tano zilikuwa arobaini.

"Gawa kwa nane!" nikapiga kelele kama niko darasani. "We daktari, gawa kwa nane! Hii haifiki!"

Akatoa macho. Zilibaki dakika kumi. Robo megabaiti kwa sekunde, kwa dakika kumi, ni mia na hamsini tu, na bingwa naye anahitaji muda wa kutazama.

"Kata kipande cha mia moja," nikasema.

"Kipande kipi, mwalimu?" Akaivuta video mbele na nyuma. "Nikikata penye tatizo je?"

Ningejuaje mimi? Moyo ni wa mwanangu, lakini kuusoma siwezi. Mimi ambaye sijawahi kumbembeleza mtu nikamshika bega. "Chagua, mdogo wangu. Nakuomba."

Akachagua, akatuma. Mama mkwe akanishika mkono, na safari hii nilimwitikia: Imana, Imana.

Simu ikaita. Bingwa hakusalimia. "Nimeona. Msimtoe hapo! Akipakiwa garini sasa hivi, Kasulu hafiki. Anzeni dawa, nawaelekeza."

Nje, dereva alikuwa ameshawasha gari, mlango wa nyuma uko wazi. Kanga yangu ilikuwa imetandikwa juu ya machela. Niliitandika mwenyewe, kwa mikono yangu, kabla bingwa hajapiga, nikiona tunachelewa kuondoka. Nikaenda kuichukua. Mpaka leo mwanangu halali bila kujifunika kanga ile, na hajui kwa nini simruhusu mtu mwingine kuifua.