Salamu ya Masunga Usiku wa Mapovu

Wengine nikiwasimulia huuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa, wala sijawahi kusinzia kazini. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Bariadi, na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu ninayo hadi leo.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye biashara ya pamba, na kiwanda nilikokuwa fundi umeme kikatupunguza. Nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima, mke wangu ananitazama tu. Ndipo akaja mtaalamu mmoja kutoka chuo kikuu, akitafuta watu wawili wanaojua waya na kutunza saa. Mmoja nikawa mimi. Wa pili alikuwa Masunga, rafiki yangu wa tangu kiwandani. Yeye alipangiwa Lamadi, kwenye kibanda cha mlimani, mbali na watu.

Kazi yenyewe? Kutazama mapovu. Usicheke. Mtaalamu alitueleza kwamba juu kabisa, kupita zinaporuka ndege, kuna hewa yenye umeme, na jua likishazama hewa hiyo hutoa mapovu kama uji unaotokota. Kwa macho huyaoni. Ila setilaiti ilikuwa inatuma mawimbi, mashine yetu inayapokea, na kalamu inachora mstari kwenye karatasi inayojiviringisha. Povu likipita katikati, kalamu inatetemeka. Wewe unaandika saa pembeni, pamoja na lolote linalotokea kibandani: upepo, ng'ombe kugonga mlingoti wa antena, mtu kuingia. Alituambia wazi kwamba ukikosa povu moja, ukatafute kazi nyingine.

Mapovu hutoka magharibi, kwa hiyo yalimpitia Masunga kwanza, dakika chache baadaye yako kwangu. Alikuwa ananiita kwenye redio ya upepo: "Yamenipita hayo, jiandae!" Nami namjibu, "Unayachunga kama ng'ombe wa baba yako." Tulicheka hivyo kila jioni.

Jioni moja redio yake ilikuwa kimya. Nikasema betri imekufa, basi. Saa tatu na kitu kalamu ikaanza kutetemeka, tena vibaya kuliko siku zote. Nikainama na penseli. Mara nikasikia mlangoni, nyuma yangu, salamu yetu ya Kisukuma ya jioni: "Mwadila."

Ilikuwa sauti ya Masunga. Niamini, ningeitambua hata katikati ya mnada wa ng'ombe. Kwa mazoea nikaandika pembeni: 3:20, Masunga amefika. Sikugeuka.

"Mwadila," akarudia.

"Subiri kidogo, kaka, yanapita."

Kama wewe ni wa kwingine, huenda hujui. Kwetu Wasukuma mtu hamwagi shida yake mlangoni. Mnasalimiana kwanza, mnaulizana ya nyumbani, watoto, ng'ombe, mpaka salamu ziishe, ndipo anasema kilichomleta. Usipomwitikia, umemfunga mdomo. Masunga alilelewa hivyo, na mimi pia. Akasalimu mara ya tatu, polepole, nami nikainua mkono kumnyamazisha. Kwa pembe ya jicho niliona mguu wake tu kwenye mwanga wa kandili. Haukuwa na katambuga yake ya tairi, na ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa.

Dakika kumi na moja baadaye kalamu ikatulia. Nikageuka nikiwa nimeshaanza kumtania. Hapakuwa na mtu. Nikamulika nje, kimya. Nikadhani amechukia, ametangulia kwangu kula. Unajua sikujiuliza hata ametoka Lamadi kwa gari gani? Nilichemsha chai, nikaendelea na kazi.

Asubuhi mtaalamu alifika akitokea Lamadi. Akanieleza kwamba Masunga alikuwa ameumwa na nyoka, kifutu, jioni, ndani ya kibanda chake, na redio yake kweli ilikuwa imekufa. Waliomkuta alfajiri walisema mwili ulikuwa bado una joto. Alikuwa hai usiku kucha! Wanunuzi wa samaki pale mwaloni Lamadi, ufukweni chini ya mlima, walikuwa na redio, na masafa yao niliyajua. Ningewaita, wangempandia mlimani kabla chai yangu haijachemka.

Mtaalamu akaifungua karatasi yangu. Akauliza, "Nani aliingia saa tatu na ishirini?" Nikamweleza. Akaufuata mstari kwa kidole hadi mwisho, kisha akasema hakuna povu hata moja nililolikosa.

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu alikuja ili apone yeye. Nilikwenda kwa mjane wake nikamwambia yote, nikitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Aliniuliza neno moja tu: "Ulimwitikia?"

Kazi ile niliiacha, na mpaka leo jua likizama nakaa nikiutazama mlango. Watoto hunicheka kwamba nasalimiana na kila mpita njia mpaka maziwa yanaungua. Acha yaungue. Na wewe unayenisikiliza, mtu akikusalimu ukiwa umeinamia kazi yako, hata iwe kazi ya namna gani, geuka umtazame miguu na uso, umwitikie mpaka mwisho. Huenda ana jambo, na anakungoja wewe umpe nafasi ya kulisema.