Akala ya Ondieki

Kwenye barabara ya kutoka Nyamache kwenda mjini Kisii yupo mzee mmoja anayeshuka baiskeli kila akiona kiatu. Kiatu chochote. Raba ya mtoto iliyochomoka mguuni akiwa amebebwa mgongoni, slipasi iliyokatika ukanda, hata buti la mvua lililotupwa kwa sababu linavuja. Atafunga breki, aegemeze mzigo wake wa ndizi kwenye ukingo, akigeuze hicho kiatu, atupe macho huku na huku kwenye mashamba ya chai, ndipo apande tena. Vijana wa bodaboda wanamwita Mkaguzi wa Viatu. Wapo hata wanaomtupia viatu vibovu njiani makusudi, wapate kumwona akishuka na kupanda. Anajua wanamfanyia mzaha, na anashuka hivyo hivyo.

Jina lake ni Thadeus Ogoti, baba Joyline, na hakuwa hivi zamani.

Zamani alikuwa mtu wa kujivunia. Amebeba ndizi kwa baiskeli miaka ishirini na miwili, mikungu mitatu kulia na mitatu kushoto, kwa ile baiskeli nyeusi nzito ambayo ukimwambia aiuze atakutazama kana kwamba umemwomba amuuze mkewe. Chini ya kiti hufunga kimfuko cha ngozi chenye spana mbili, viraka, gundi, kipande cha cheni na spoki kadhaa. Vitu hivyo si vyake peke yake. Waendesha baiskeli wa ndizi wana desturi yao, na mtu aliyeilinda desturi hiyo kwa ukali kuliko wote alikuwa yeye.

Desturi yenyewe ni hii. Baiskeli iliyobeba mikungu sita huwezi kuipindua magurudumu juu ili watu wajue imeharibika. Ukitaka kuipindua sharti ushushe mzigo wote, na kuupakia tena peke yako ni kazi ya kukutoa roho. Kwa hiyo aliyekwama huegemeza baiskeli mahali penye kivuli, akavua akala moja, akaiweka ukingoni mwa lami, soli ikitazama juu. Akala ni ya tairi, haipeperushwi na upepo. Mwenzake akiiona, anasimama. Hata kama mke wake yuko leba, atasimama angalau aulize. Na kazi ikiisha hakuna anayeuliza bei. Wa kuuliza bei ni mgeni, na mgeni hutozwa.

Sasa, mjini Kisii yuko mama mmoja mfanyabiashara, Farhiya, mama Nasteho. Amezaliwa hapo hapo mjini, anaongea Ekegusii cha kukushinda wewe, na ndiye anayekusanya ndizi za watu wa Nyamache na kuzipakia kwenye lori la Nairobi. Lori hilo huondoka saa nne kamili asubuhi. Mwezi mmoja Thadeus alilikosa mara mbili. Mara ya kwanza alisimama kumsaidia mtu wa pancha, mara ya pili akasimama kwa rimu iliyopinda. Mara hiyo ya pili Farhiya hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mzee Ogoti, mimi nakuheshimu," alimwambia. "Lakini kuna kijana wa pikipiki anakuja hapa kila asubuhi kuniomba hii kazi. Ukichelewa mara ya tatu sitakugombeza, na sitakungojea."

"Sisi tunasaidiana huko njiani, mama Nasteho."

"Msaidiane. Lakini lori haijui kusaidiana."

Tangu siku hiyo Thadeus hakutulia. Usingizi ulimpaa. Alikula akiwa amesimama, akawa anatazama saa ya simu hata kanisani siku ya Sabato, mhubiri akiwa katikati ya neno, mpaka mkewe akamfinya. Unga wake ulikuwa ukingoni mwa kumwagika na yeye aliona wazi kabisa.

Ikafika Jumatano moja ya mwezi wa tano. Alikuwa ameshapakia alfajiri, mpira wa kufungia mzigo ukakatika, mikungu miwili ikaanguka uani. Kufungua, kupanga, kufunga upya, saa moja ikampita akiwa bado yuko nyumbani. Akatoka kwa hasira. Milima ya njia ile haina huruma na mtu mwenye haraka. Unasukuma kwa mguu mpaka magoti yanalia, halafu unateremka breki zikinuka. Alipofika kwenye kona ya mawe, pale mikaratusi ilipopandwa mstari mmoja, alikuwa kwenye mteremko mzuri na moyoni alishaanza kupiga hesabu kwamba akikazana atafika.

Ndipo alipoiona. Akala moja, ukingoni mwa lami, soli juu.

Nisimpunguzie wala nisimwongezee: aliiona. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba ilikuwa imedondoka tu kutoka kwenye mzigo wa mtu, lakini akala iliyodondoka hailali imenyooka vile, sambamba na barabara. Mkono wake ulikwenda kwenye breki wenyewe, kwa mazoea. Akauondoa. Akageuza uso upande wa pili, upande usio na mikaratusi, akaangalia ng'ombe wa watu kana kwamba alitaka kumnunua, akakanyaga pedali. Baiskeli yake ina mlio wake, mwiko-mwiko, mwiko-mwiko, ambao hata vipofu wa Nyamache wanaujua. Mlio huo ukapita kona na kuishia bondeni.

Alifika kwa Farhiya lori likiwa bado linapakia. Dakika kumi na tano zilibaki. Farhiya alifurahi kweli, akamwitia chai ya tangawizi na mandazi mawili, akamsogezea kiti.

"Leo umenipa raha. Kaa, pumua."

Thadeus alikaa, akasimama. Akashika kikombe, akakiweka. Mandazi aliyatazama tu. Kichwani mwake ile akala ilikuwa pale pale soli juu, na kila alipofumba macho aliuona mguu mtupu wa mtu asiyemjua. Ni nani? Alimwona? Farhiya alikuwa anamweleza kuhusu mzigo wa Ijumaa, naye akaitikia mahali pasipohitaji kuitikiwa.

"Unaumwa?" Farhiya akamuuliza.

"Kuna kitu nimeacha njiani," akasema, akatoka.

Baiskeli tupu kwenye milima ile ni nyepesi, lakini siku hiyo aliiona nzito kuliko ya asubuhi. Kila mwendesha baiskeli aliyekutana naye alimkagua miguu. Wote walikuwa na viatu viwili. Alipofika kona ya mawe, akala ilikuwa bado ipo. Mikaratusi ilikuwepo, kivuli kilikuwepo, baiskeli haikuwepo.

Hatua chache kutoka hapo huuza mahindi ya kuchoma mwanamke anayeitwa Tryphosa, mtu wa macho mawili na masikio manne. Thadeus akamwendea akiwa ameishika ile akala mkononi.

"Bwakire, mama," akamsalimia kwa Ekegusii. "Mwenye hii alikuwa nani?"

Tryphosa akapepea moto wake kwanza. "Si Ondieki? Cheni ilimkatikia. Alikaa hapo karibu saa nzima."

Uso ukamshuka Thadeus. Ondieki ni wa kijiji cha jirani, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, hupeleka ndizi kwenye jiko la shule moja kule Nyanchwa. Aliyemfundisha kufunga mikungu ni Thadeus. Aliyemfundisha kuweka akala soli juu ni Thadeus.

"Aliniona?"

"Baba Joyline, hiyo baiskeli yako si inaimba? Alikusikia kabla utokee. Akainuka, akajipangusa matako, akaniambia, 'Sasa nimepona, mwalimu amefika.' Halafu ukapita."

Thadeus aliigeuza ile akala mkononi.

"Nyuma yako walikuwa wawili," Tryphosa akaendelea, na wala hakuwa na nia ya kumchoma, alikuwa anasema tu yaliyotokea. "Walikuwa wanapunguza mwendo. Wakaona wewe umepita, na wao wakapita. Ondieki akasema kama Thadeus hajasimama basi hiyo kiatu haina kazi tena. Nikamwambia achukue kiatu yake. Akakataa. Akasukuma baiskeli na mguu moja tupu, akapitia njia ya mkato huko ndani ya chai. Nafikiri aliona aibu kutembea hivyo kwa lami."

Mtu mwingine angesema basi, yaliyopita yamepita, mahindi ni pesa ngapi. Thadeus hakuweza. Aliifunga akala kwenye keria na kugeuza baiskeli. Kilichokuwa kinamla si cheni ya Ondieki. Alijua fika kwamba yeye si mtu wa lori, wala si mtu wa Farhiya. Yeye ni mtu wa barabara ile, na kama barabara ile itamhesabu kuwa mgeni, basi hata akibeba mikungu mia atakuwa peke yake. Alikanyaga mpaka kifua kikawaka.

Alimkuta Ondieki kwenye mlima wa Nyanchwa, pale chini ya kanisa, amejikunja nyuma ya mzigo akisukuma kwa bega. Mguu wa kushoto ulikuwa na akala, wa kulia ulikuwa umejaa vumbi na damu kidogo kwenye kidole gumba. Thadeus akashuka. Akachukua mawe mawili, akakingia magurudumu, akatoa spana na kipande chake cha cheni, akapiga magoti barabarani. Ondieki hakumzuia. Alisimama ameshikilia usukani, akitazama mji kule chini.

Kazi ilichukua nusu saa, kwa sababu pini ilimponyoka Thadeus mara tatu. Alipomaliza akazungusha pedali. Cheni ikatembea vizuri. Akainuka, akajifuta mafuta kwenye suruali, akafungua akala na kumpa.

Ondieki hakuipokea. Aliingiza mkono mfukoni.

"Asante, fundi," akasema kwa adabu kabisa. "Ni pesa ngapi?"

Thadeus aliwahi kutukanwa maishani mwake. Aliwahi kupigwa na polisi, aliwahi kufukuzwa na kaka yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hakuna kilichomuumiza kama yale maneno matatu. Ondieki alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja fundi afikirie bei yake, kisha akatoa noti ya mia, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli ya Thadeus, akaondoa mawe na kwenda zake.

Hiyo noti haijatumika mpaka leo. Mkewe anajua ilipo na anajua asiiguse.

Alibaki na kazi ya Farhiya. Kijana wa pikipiki akatafuta kwingine. Ungemuuliza mtu angekwambia Thadeus mambo yake yalinyooka. Lakini ndipo alipoanza hayo ya viatu. Akiona kitu cheusi ukingoni, hata kama ni ganda la ndizi, moyo unamruka na mikono inashika breki. Farhiya alimwona akifika anatweta kila siku, akamwambia aondoke nyumbani mapema zaidi kama ndivyo anavyotaka kuishi. Sasa anatoka saa kumi na moja, apate muda wa kushuka. Na ile akala ya Ondieki aliendelea kuibeba, imefungwa kwenye keria kwa kamba ya katani. Alikutana na mwenyewe mara nyingi. Walisalimiana vizuri, salamu za watu wanaopishana.

Hofu yake aliijua, na aliwahi kumwambia mkewe waziwazi: siku yangu ikifika, nani atasimama?

Siku ikafika mwezi wa kumi na moja, mvua imenyesha usiku kucha. Spoki nne za gurudumu la nyuma zilikatika kwa pamoja, na kwenye kimfuko alikuwa na mbili tu. Ilikuwa kabla kidogo ya ile kona ya mawe. Alikuwa amevaa buti za mvua. Angeweza kuvua moja, lakini mkono ulikwenda kwenye keria, ukafungua kamba, akaiweka akala ya Ondieki kwenye lami yenye maji, soli juu. Akaenda kusimama chini ya mikaratusi. Hakukaa.

Baiskeli ya kwanza ilikuwa ya mwalimu, hajui mambo hayo, akapita. Ya pili ilikuwa na ndizi. Thadeus aliisikia ikija, akasikia inapunguza mwendo, akasikia imesimama, na mwenye kuiendesha alikuwa Ondieki.

Ondieki aliitazama akala kwa muda mrefu. Kisha akaegemeza mzigo wake, akatoa spoki, akapiga magoti kwenye matope. Thadeus alishikilia baiskeli yake isianguke. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, umezikamata noti, maana alishajiandaa. Bei itakayotajwa ataitoa bila kufungua mdomo. Spoki ya kwanza. Ya pili. Kisha zile mbili za Thadeus. Ondieki akakaza zote, akazungusha gurudumu, akalisikiliza. Akanyanyuka.

Akaenda ukingoni, akaiokota ile akala, akaikung'uta maji kwenye goti lake.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Sasa wewe ukikwama tena utaweka nini?"

"Nitavua buti."

Ondieki akaitazama miguu ya Thadeus. "Buti pia itaonekana," akasema, akaitundika akala kwenye usukani wake, akapanda, akateremka kuelekea mjini.

Thadeus alibaki amesimama pale, mkono bado mfukoni, noti zimelowa jasho. Alingoja mpaka Ondieki akapotea kwenye kona. Hakuna bei iliyotajwa.