Sukari ya Wageni

Ukitaka kujua kinachomuuma mtu, muulize anatafiti nini. Hilo nimejifunza katika kikundi chetu cha wanafunzi wa uzamifu wa afya ya jamii, ambacho hukutana Jumamosi asubuhi katika hoteli moja ndogo mjini Voi, penye chai nzito na kiti kimoja kibovu kinachoachiwa anayechelewa. Mwenzetu mmoja kazaliwa Njukini, karibu na mpaka. Anachunguza jinsi akina mama wa sokoni wanavyofuatilia chanjo za watoto, wakati leo wako Kenya na kesho Tanzania. Mama yake aliuza maharagwe pande zote mbili. Mwingine ni bwana wa makamo, Mwislamu, familia yake imekaa Voi tangu enzi za babu. Huyo anatafiti vifua vya watu wanaoishi kwenye vumbi, naye mwenyewe hamalizi sentensi bila kukohoa. Sote hujifanya tulichagua mada zetu kwa kusoma majarida. Uongo mtupu.

Mimi nilishikilia kwa muda mrefu kwamba mada yangu haihusiani na kwetu. Nilikuwa nimeandika pendekezo kuhusu wagonjwa wa kisukari na matumizi ya dawa, mada safi, iliyonyooka, isiyonuka jasho la mtu yeyote. Kisha baba yangu akapimwa akapatikana na sukari.

Baba ni mwalimu mstaafu. Anaishi na mama Wusi, kijijini kwetu milimani, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda kwa kupumzika. Nusu ya watu wa pale aliwafundisha, na nusu iliyobaki aliwachapa tu. Tangu astaafu, kazi yake kubwa ni kupokea wageni. Anajua kumketisha mtu, kumuuliza habari za mahindi, za ng'ombe, za shemeji aliyeko Mwatate, na kabla chai haijaisha mgeni ameshatoa siri ambayo hakukusudia kuitoa. Siku asipokuja mtu, baba hununa, na mama hulazimika kuzozana naye kidogo ili achangamke.

Habari za ugonjwa zilipoenea, wageni wakaongezeka. Kwetu huendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu, ni aibu, na cha kubeba kinajulikana na kila mwenye duka: sukari. Kwa hiyo watu wakapanda mlima na pakiti za sukari kumpelekea mgonjwa wa sukari. Hakuna aliyeona cha kuchekesha. Sukari ya ugonjwa ilikuwa kitu kimoja na sukari ya heshima kitu kingine, japo jina ni moja. Tena mgeni akishaleta sukari, adabu inataka chai ipikwe kwa sukari hiyo hiyo, na mwenye nyumba anywe pamoja naye. Baba alikunywa. Alikunywa na kila aliyekuja, asimbague mtu.

Mama alijaribu mbinu zake. Pakiti zikawa zinaingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa jikoni, ndani ya vikapu vya wageni wengine, maana kikapu cha mgeni nacho hakirudi kitupu. Sukari ikazunguka kijiji kizima. Siku moja jirani alituletea pakiti yenye alama ya kalamu ambayo mama mwenyewe alikuwa ameitia. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Mama hakucheka. Alinivuta kando akaniambia vidole vya miguu vya baba vimeanza kufa ganzi, na kila akienda kliniki kipimo kinapanda badala ya kushuka.

Nilienda kwa baba na hasira za kisomi, na hizo ndizo hasira mbaya kuliko zote kwa sababu mtu anazo na bado anadhani ametulia. Nikamwambia tutaomba litangazwe kanisani: watu wasilete sukari, na wasije wengi wengi. Baba akaweka kikombe chini.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Unajua mtu akikatazwa cha kuleta, anafanya nini?"

"Analeta kingine."

"Haji. Anaona haya, anasema atakuja wiki ijayo. Mguu hata wakiukata, mwingine utabaki. Lakini nikae hapa peke yangu, mama yako yuko shamba, nangojea nini?"

 Mimi niliogopa kumpoteza. Yeye aliogopa kubaki hai bila mtu wa kuongea naye, na kila nilipopima hofu hizo mbili sikuona jinsi ya kuiponya moja bila kuichochea nyingine.

Kliniki walikuwa wamemwambia pia atembee kila siku, akiwa na viatu vya kufunika vidole. Hilo nalo alilikataa. "Natembea naenda wapi?" aliuliza. Sikuweza kumlaumu. Wusi ukitembea bila jembe, bila kikapu na bila safari, watu husimama kukuuliza ni nani amefariki. Nilishuka Voi nikiwa nimenuna. Kununa nimerithi.

Jumamosi nikawamwagia wenzangu yote. Yule wa Njukini akatikisa kichwa.

"Dadangu, hiyo si mada, hiyo ni stori ya kwenu. Jopo litakuuliza unapima nini, utasema unapima chai?"

Yule bwana wa Voi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Tulimpa maji, akapangusa macho.

"Lakini dada, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo na kilo mbili! Mgeni ndiye dawa. Wewe wagombana na dawa kwa sababu ya sukari, na sukari ni karatasi tu dawa iliyofungiwa."

Kisha akageukia mandazi yake kana kwamba hajasema lolote. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na siku zote niliielewa kwa tumbo: mgeni akija, kuku huchinjwa, na mwenyeji naye akapata paja. Sikuwahi kulisikia neno apone kama linavyosikika kliniki. Lilinikaa kichwani wiki nzima, nikipika, nikifua, nikimsaidia mwanangu hesabu.

Nilipopanda tena Wusi nilikaa pembeni nikatazama. Mgeni alifika, akanywa chai, akaaga. Baba akataka kuinuka. "Keti, mwalimu, wewe ni mgonjwa," mgeni akamwambia, akajiendea zake. Wa pili vilevile, na wa tatu. Ndipo nikagundua kitu kilichokuwa kimepotea pale nyumbani. Kabla ya ugonjwa, baba hakuwahi kumwacha mtu aondoke peke yake. Alimsindikiza, hata kama mvua inanyesha, kwa sababu kumwacha mgeni ajitoe mwenyewe ni sawa na kumfukuza.

"Baba, mbona siku hizi huwasindikizi wageni wako?"

"Wananikataza."

"Tangu lini mwalimu akakatazwa na wanafunzi wake?"

Niliona masikio yake yakisimama. Mgeni aliyefuata alisema keti, mwalimu, naye akajibiwa kwa ile sauti ya darasani: "Keti wewe." Baba akavaa viatu vya kufunika, akachukua fimbo, wakatoka. Siku hiyo walifika kwenye kona ya kwanza tu, akarudi anahema. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anafika kanisani, na kurudi ni kupanda. Kisha akaanza ujanja wa kwake, ambao mimi sikumfundisha. Mgeni akibisha tu, baba anamwambia, "Twende kwanza nikuonyeshe migomba iliyoanguka, chai tutakunywa tukirudi." Wanateremka wakiongea, na mgeni akishafika karibu na kwake haoni sababu ya kupanda mlima tena kwa ajili ya kikombe. Sukari iliendelea kuletwa. Hatujamkataza mtu mpaka leo, na mama bado anaizungusha.

Kliniki kipimo kikaanza kushuka, polepole, pamoja na dawa. Sisemi ni muujiza. Nasema baba alikuwa akirudi nyumbani na habari mpya za kijiji kizima, ameloa jasho, anataka maji, na mama akawa anaimba jikoni.

Niliandika pendekezo upya: desturi za kumjulia hali na kumsindikiza mgeni zinavyoweza kumsaidia au kumdhuru mgonjwa wa sukari huku milimani. Msimamizi wangu, mama mmoja mkali asiyecheka ovyo, aliuliza kusindikiza nitaliandikaje kwa Kiingereza. Nilijaribu, nikajaza aya nzima na bado haikutosha. "Liache lilivyo," akasema. "Wajifunze."

Asubuhi ya kwenda kutetea pendekezo mbele ya jopo nilikuwa nimelala Wusi. Baba alinisindikiza. Nilidhani atasimama kanisani, lakini aliendelea mpaka barabarani, pale bodaboda zinapoegeshwa, ambapo hakuwa amefika tangu augue. Njiani alinihoji kuliko jopo lenyewe. Tulipofika paji lake lilikuwa linang'aa kwa jasho, nami nikaingiwa na woga nikifikiria ule mlima wa kurudi.

"Baba, ngoja nikurudishe kwanza. Bodaboda itanisubiri."

"Wewe ni mgeni," akasema. "Mgeni hasindikizi."

Iliniuma. Nimezaliwa katika nyumba ile, kitovu changu kimezikwa pale. Nilikuwa nataka kumkumbusha hilo wakati mzee mmoja aliposhuka kwenye bodaboda nyingine, mwalimu mwenzake wa zamani, aliyehamia Chala kulima. Mkononi alikuwa na kikapu, na sikuwa na haja ya kuuliza kina nini.

"Mwalimu!" mzee akashangaa. "Mbona uko barabarani? Nimetoka mbali kuja kumwona mgonjwa."

Baba alikipokea kile kikapu kwa mikono miwili.

"Mgonjwa hayuko," akamwambia. "Lakini mwenyeji yuko. Twende."

Wakaanza kupanda, baba mbele. Nikamwambia mwenye bodaboda tuondoke upesi, kwa sababu machozi yalikuwa yameshanifika na sikutaka kulia mbele ya watu wa nyumbani.