Neno Nililolisema Stesheni ya Chini ya Ardhi

Mama Sheha si aliyenizaa. Ni dada yake mama yangu, naye ndiye aliyenilea hapa Ibra, Omani, tangu mama alipofariki. Alikuja kutoka Unguja akiwa na miaka kumi na mitatu, hajui Kiarabu hata cha kuombea maji, na skuli walimcheka mpaka akawa anajificha chooni kula chakula chake. Hilo alinihadithia mara moja tu. Akasoma, akawa mkunga, akazalisha wanawake miaka thelathini, na mpaka leo akipita sokoni wanaume wazima wenye ndevu humbusu kichwa.

Nyumbani tunasema Kiswahili, na nje tunakifanya pazia. Mwenye duka akitaja bei, tunashauriana mbele ya uso wake, kisha tunamrudia kwa Kiarabu cha adabu. Mama Sheha alikitumia wodini kuzungumza na muuguzi mwenzake juu ya mtoto aliyekaa vibaya, ili mzazi asiingiwe na hofu. Mimi nilikitumia kusengenya watu, na sina la kujitetea.

Mwaka jana binti yake, Rawya, alikuwa karibu kujifungua Doha, anakofanya kazi mumewe. Tukatoka Ibra alfajiri, tukapita Bidbid, tukapanda ndege Maskati. Doha tukateremkia stesheni ya treni iliyo chini ya ardhi, pale pale uwanja wa ndege. Mama Sheha alishuka ngazi ya umeme kanikamata mkono, anasoma Ayatul Kursi. Magoti yalimuuma na viti vilikuwa vimejaa, nikamkalisha juu ya sanduku letu, mbele ya milango ya vioo.

Akaja mlinzi, mwanamme mweusi mrefu, akatuambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba pale si pa kukaa, watu watashindwa kushuka. Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na njaa na kiburi, na kilichosema ni kiburi. Nikamgeukia Mama Sheha, nikasema kwa Kiswahili, tena ninacheka: "Muone mtumwa huyu, kavishwa sare basi keshajiona sultani."

Mlinzi hakunitazama. Aliinama mbele ya mama yangu.

"Shikamoo, mama," alisema. "Mimi ni wa Taita, Kenya. Nikusaidie usimame, nikutafutie kiti."

Tayari nilikuwa chini ya ardhi, na bado sikupata pa kujificha.

"Marahaba, mwanangu," Mama Sheha alijibu. Kisha akanambia mimi: "Shatha, mtake radhi."

Ubao ulionyesha treni itafika baada ya dakika mbili. Alichotaka ni neno moja tu. Nikafungua mdomo, nikatazama viatu vyangu.

"Mama, treni inakuja. Yallah, twende."

"Na ije."

Treni ikaja, ikafungua milango, ikaenda zake bila sisi. Ndipo Mama Sheha akajiinua mwenyewe kwa magoti yale yale, akamshika mlinzi mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, baba. Nami niliwahi kuitwa hivyo. Huyu nimemlea mimi, basi aibu hii ni yangu."

"Yamekwisha, mama," alisema mlinzi. Treni ya pili ilipofika akatuingizia sanduku ndani, akaniambia na mimi, "Safari njema, dada." Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Mtoto alizaliwa siku ya pili, wa kike. Mama Sheha alimwosha kwa mikono yake, anamsemesha Kiswahili kitamu cha Unguja, anamwita mwali wangu, roho yangu. Nikaomba nimpakate. Akanipa, akanambia kwa Kiarabu nimshike vizuri shingo. Nikadhani ni uchovu.

Huu ni mwezi wa saba tangu turudi Ibra. Ananipikia, ananiuliza hali, ananiombea dua, yote kwa Kiarabu. Akija jirani wa Unguja wanazungumza Kiswahili na kucheka, na mimi nikiingia na chai ananishukuru kwa Kiarabu. Sijamuuliza kwa nini, maana najua, na kumwomba anirudishie Kiswahili chetu sijathubutu.